Kiti Kimevunjika, Sasa Andika: Ushauri wa Kueleza Uharibifu wa Samani kwa Kiingereza Sahihi

Mpanda ni mji wa mbao. Misitu ya miombo inayouzunguka hutoa mninga, mkora na mkurungu, na mafundi wa mkoa wa Katavi hutengeneza vitanda, makabati na seti za sofa ambazo safari yake haiishii hapa. Nyingine hupanda treni kwenda Kaliua na Tabora, zikaendelea hadi Dar es Salaam. Nyingine hupakiwa kwenye malori yanayopita Koga na Sikonge. Nyingine huishia karibu, kwenye kambi za watalii za upande wa Sitalike, jirani na Hifadhi ya Taifa ya Katavi.

Fanicha ikishatoka karakana, haikosi siku itakayofika imevunjika, imepasuka au imekwaruzika, na mtu atatakiwa kuandika kilichotokea. Mara nyingine msomaji wa maandishi hayo hajui Kiswahili. Anaweza kuwa mmiliki wa kambi anayeishi nje ya nchi, mfadhili aliyelipia madawati ya shule, mteja mgeni, au shirika la kimataifa kama yale yaliyohudumia Katumba na Mishamo, makazi yaliyopokea wakimbizi wa Burundi tangu miaka ya 1970. Anaweza pia kuwa ofisa wa bima ambaye fomu yake imechapwa kwa Kiingereza tupu.

Makala haya ni kwa ajili ya anayeandika taarifa hiyo, na pia kwa yule anayeambiwa, "Hebu nirekebishie Kiingereza changu." Ninalotaka kusema ni hili: katika taarifa ya uharibifu, sarufi inabeba pesa na jina la mtu. Ndiyo inayosema ni sehemu gani imeharibika, iliharibika lini na mikononi mwa nani. Kosa linalovuruga mojawapo ya hayo lirekebishwe kwanza. Mengine yatafuata, na baadhi yake hayana haja ya kuguswa.

Kwanza jiulize kama Kiingereza kinahitajika

Wapo wanaoandika Kiingereza kwa kudhani karatasi itaonekana nzito zaidi. Kama msafirishaji yuko Mpanda, mteja yuko Mwanza na shahidi wako yuko Inyonga, andika Kiswahili. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya mahakama nchini, kwa hiyo hata mgogoro ukifika mbele ya hakimu, taarifa yako ya Kiswahili haina upungufu wowote. Tumia Kiingereza pale msomaji wako anapokihitaji.

Na hata hapo, anza kwa Kiswahili. Tazama kitu chenyewe kisha uandike mambo manne: ni sehemu gani, imefanya nini, ukubwa wa uharibifu ni kiasi gani, na ulikuta hivyo lini. Mtu anayerukia Kiingereza moja kwa moja huandika maneno anayoyajua badala ya mambo aliyoyaona. Ndiyo maana taarifa nyingi zinafanana ilhali viti vyenyewe havikuharibika kwa namna moja.

Acha neno "kuharibika", taja kilichotokea

Kiti kilichokatika mguu kimeharibika. Kilichochubuka vanishi nacho kimeharibika. Gharama ya kutengeneza hivyo viwili haifanani hata kidogo, kwa hiyo neno hilo peke yake halimsaidii msomaji.

Shida huongezeka tunapolivusha. Wengi huandika "destroyed". Kwa msomaji wa Kiingereza, "The table is destroyed" maana yake meza imekwisha, haitengenezeki tena. Kama ukweli ni mkwaruzo wa kidole kimoja, umedai kikubwa kuliko kilichotokea, na picha utakayoambatanisha itakuumbua. "Spoiled" inasikika sana kwetu, lakini kwa mgeni neno hilo ni la chakula kilichochacha au mtoto aliyedekezwa. "Rotten" ni kwa mbao iliyooza kweli kwa maji na kuvu. Ukikosa neno mahususi, "damaged" ni salama, ilimradi sentensi inayofuata ieleze uharibifu ni upi.

Haya ndiyo maneno utakayoyahitaji mara nyingi:

- Kimevunjika, vipande vimeachana: "broken".
- Kina ufa lakini bado kimeshikana: "cracked".
- Ubao umepasuka kwa kufuata nyuzi za mti: "split".
- Kimekwaruzika juujuu: "scratched".
- Kimemeguka kidogo ukingoni au kwenye kona: "chipped".
- Kimebonyea kwa kugongwa: "dented".
- Ubao umepinda kwa unyevu au joto: "warped". Chuma kilichopinda ni "bent".
- Kitambaa au ngozi imechanika: "torn".
- Kiungo kimelegea: "loose", kwa o mbili. "Lose" ni kupoteza, na kosa hili ni miongoni mwa yanayojirudia sana.
- Kimeng'oka: "has come off". Vanishi inayobanduka: "is peeling".
- Hakipo: "missing". Ukiandika "lost" unaashiria kwamba kuna mtu alikuwa nacho akakipoteza.
- Kina doa: "stained".
- Kimeliwa na mchwa: "damaged by termites". "Ants" ni siafu na sisimizi, na hao hawali kabati.

Baadhi ya vitenzi hivi hubadilika umbo bila kanuni: break, broke, broken, tear, tore, torn, bend, bent, bent, split, split, split. Katika taarifa ya uharibifu, kinachokuja baada ya "is", "was" au "has been" ni umbo la tatu. Kwa hiyo "The cushion is tear" inakuwa "The cushion is torn", na "The leg is break" inakuwa "The leg is broken". Kariri maumbo ya vitenzi hivyo vinne na utakuwa umeondoa sehemu kubwa ya makosa ya taarifa za namna hii.

Sehemu za fanicha zina majina yake

Kiswahili huazima viungo vya mwili kutaja sehemu za fanicha, na Kiingereza hufanya hivyo pia, ila lugha hizi mbili haziazimi kwa namna moja. Mguu wa kiti ni "leg". "Foot" ni ncha yake ya chini inayogusa sakafu. Mkono wa kiti ni "arm", wala si "hand". Egemeo ni "back". Kikalio ni "seat". Uso wa meza ni "table top", si "face". Ubao wa kichwani mwa kitanda ni "headboard", na chaga ni "slats". Mtoto wa meza ni "drawer", na herufi er za mwisho zisisahaulike, kwani "draw" ni kuchora. Bawaba ni "hinge", kitasa ni "lock", na kishikio cha droo ni "handle" au "knob". Mto wa sofa ni "cushion". "Pillow" ni wa kulalia kichwa kitandani.

Ukikwama, eleza kwa maneno mepesi. "The piece of wood that joins the two front legs" ni sentensi ndefu, lakini kila atakayeisoma ataelewa ni ubao gani.

Halafu kuna kushoto na kulia. Kushoto kwa aliyekaa kwenye sofa ni kulia kwa anayelitazama kwa mbele, na fundi anaweza kutengeneza mguu mzima huku uliovunjika ukiachwa. Kwa kiti, sofa na kitanda, hesabu kutoka kwa mtu anayekitumia na useme hivyo: "left and right as you sit on it". Kwa kabati, hesabu kutoka kwa anayelitazama: "as you face it".

Kiambishi -me- na njia zake za Kiingereza

Hapa ndipo penye uzito, kwa hiyo twende polepole. Kiswahili kina kauli ya kutendeka: kuvunjika, kupasuka, kuchanika, kubonyea. Tukisema "mguu umevunjika" tumeeleza mambo mawili kwa mpigo, yaani kwamba kuvunjika kumetokea na kwamba hadi sasa mguu uko katika hali hiyo. Hatujamtaja aliyeuvunja, na sentensi yetu imekamilika. Kiingereza kinakulazimisha uchague.

"The leg is broken" inaeleza hali ya sasa. Haisemi ni lini wala nani.

"The leg broke" inaeleza tukio lililopita. Msomaji atangojea umwambie ni wakati gani: "The leg broke when the chair was lifted."

"The leg was broken" ina utata. Inaweza kuwa hali uliyoikuta, inaweza pia kuwa kitendo cha mtu.

"The leg has been broken" inaelekeza kidole kwa mtendaji ambaye hujamtaja. Msomaji ataanza kujiuliza ni nani.

"The driver broke the leg" ni tuhuma.

Ushauri wangu: kwa unachokiona mbele yako sasa, tumia "is". Kwa hali uliyoikuta mzigo ulipofika, andika "was already broken when we received it". Neno "already" lina kazi kubwa, kwa sababu linamaliza ule utata na kuweka uharibifu kabla ya mapokezi. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inampa mnunuzi nafasi ya kutosha ya kukagua bidhaa kabla hajahesabiwa kuwa ameipokea na kuikubali. Tumia nafasi hiyo. Kagua kabla ya kusaini, andika siku hiyohiyo, na uandike kwa namna isiyoacha mtu adhani kiti kilivunjikia sebuleni kwako.

Makosa matatu ya sarufi hujitokeza sana hapa, na yote yanatokana na ujenzi wa sentensi zetu. La kwanza ni "The chair it is broken". Kiswahili hutaka kiambishi ki- ndani ya kitenzi hata baada ya kutaja kiti, na sikio letu linakitafuta kiambishi hicho katika Kiingereza. Ukishataja "the chair", usiongeze "it". La pili ni "The table he is broken". Samani ni "it" ikiwa moja na "they" zikiwa nyingi. La tatu ni "That chair its leg is broken", inayotoka kwenye "kile kiti mguu wake umevunjika", sentensi nzuri kabisa ya Kiswahili. Kwa Kiingereza anza na sehemu yenyewe: "One leg of that chair is broken", au sema "That chair has a broken leg".

Nani alifanya?

Kama hukumwona dereva akikiangusha kitanda, usiandike kwamba alikiangusha. Andika ulichokikuta na wakati ulipokikuta: "We found the damage after the lorry was unloaded." Sentensi hiyo ni ya kweli, na mtu akitaka kuipinga itambidi alete ushahidi wake.

Kama unakisia chanzo, sarufi ya Kiingereza inayo njia ya kuonyesha kwamba ni makisio. "Inaonekana" yetu inakuwa "appears to have" au "may have", na kitenzi kinachofuata kiwe umbo la tatu: "The headboard appears to have been hit by something heavy." Wengi huandika "It seems was hit", sentensi isiyosimama. Irekebishe iwe "It seems that it was hit."

Upande wa pili nao usemwe bila kuficha. Kauli ya kutendeka inaweza kumficha mtu, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Mhudumu aliyeangusha kiti akaandika "The chair got broken" ametunga sentensi sahihi kisarufi na amekwepa ukweli. Kama kilikuponyoka, andika hivyo: "The chair slipped from my hands, and the left arm cracked." Mwajiri anayeambiwa ukweli kwa mambo madogo hukuamini pia siku unapoandika kwamba kosa halikuwa lako.

Mbao ya Katavi na chanzo cha ufa

Mafundi wanajua ambacho watunza stoo wengi hawakijui: si kila ufa umetokana na kugongwa. Mvua za Katavi hunyesha takriban kuanzia Novemba hadi Aprili, kisha kiangazi kinafuata. Mbao mbichi ikikauka hadi unyevu wake ukashuka chini ya asilimia 30 hivi, huanza kusinyaa, na husinyaa zaidi kwa upana kuliko kwa urefu. Meza iliyoundwa Februari kwa mbao ambayo haijakauka inaweza kupasuka Agosti bila mtu kuigusa. Mninga uliokaushwa vizuri hutulia, na hiyo ni mojawapo ya sababu za kupendwa kwake.

Kwa hiyo tazama ufa unaelekea wapi. Ukifuata nyuzi za mti, andika "split along the grain". Mvunjiko unaokata nyuzi ni "broken across the grain", na kwa kawaida hapo nguvu ya nje imehusika. Tofauti ya "along" na "across" inaweza kuamua kama madai yanakwenda kwa msafirishaji au kwa karakana. Mwandishi anayezichanganya anaweza kumtwika fundi mzigo wa dereva, au dereva mzigo wa fundi.

"Kwenye" moja, vihusishi viwili

Sisi tuna "kwenye", nayo inatosha: ufa kwenye meza, doa kwenye meza, tundu kwenye meza. Kiingereza hugawa. Kilichoingia ndani ya kitu huchukua "in": a crack in the table top, a hole in the seat, a dent in the door, a tear in the cushion. Kilichokaa juu ya uso huchukua "on": a scratch on the arm, a stain on the fabric, a mark on the headboard. Jiulize kama ukipitisha kidole kinazama au kinateleza. Kikizama, "in", kikiteleza, "on". Mkwaruzo uliochimba kidogo bado utaandikwa "on", lakini kanuni hii itakuongoza vyema mara nyingi.

Kwa vipimo, taja namba kisha neno la urefu: "a crack 12 cm long", "a hole about 2 cm wide". Ukikosa rula, pima kwa kitu ambacho msomaji anakijua, na uweke "about" ili ajue ni makadirio.

Umoja, wingi na vineno vidogo

"Furniture" haina wingi. "Furnitures" ifutwe kila inapoonekana. Ukitaka kuhesabu, andika "three pieces of furniture", au bora zaidi, vitaje: "two chairs and a table".

"Damage" nayo haihesabiki inapomaanisha uharibifu. Ukiandika "damages" umeingia katika lugha ya mahakama, kwa kuwa humo neno hilo maana yake ni fidia ya fedha. Mtu aliyetaka kusema meza ina uharibifu mara tatu akaandika "The table has three damages" anaweza kuonekana anadai pesa. Aandike "The table is damaged in three places."

"Wood" ni mbao kama mali ghafi. "Woods" ni msitu. Mbao zinazohesabika ni "boards" au "planks".

Kisha "a" na "the", vineno visivyo na kifani katika Kiswahili. "The leg is broken" humfanya msomaji aulize ni upi, maana kiti kina minne. Sema "one leg" kama haijalishi ni upi, au "the back left leg" kama inajalisha. Wingi nao uonekane mwishoni mwa neno na katika kitenzi: "Two of the four legs are cracked." Herufi s iliyosahaulika huweza kuondoa mguu mzima katika madai yako.

Tarehe nazo ziandikwe kwa jina la mwezi. Sisi tukiona 03/08 tunasoma tarehe 3 Agosti, ilhali Mmarekani atasoma tarehe 8 Machi. Andika "3 August". Usiandike "yesterday", kwa sababu karatasi itasomwa wiki ijayo.

Mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho

Tuseme mpokeaji wa mzigo ameona haya: seti ya sofa imefika jioni, sofa kubwa mguu wa nyuma wa kushoto umelegea, mkono wa kulia una mkwaruzo wa sentimita 15 hivi, mto mmoja umechanika, vingine vyote ni vizima. Akaandika hivi:

"Yesterday evening we are receive sofa set. The big sofa it is destroyed. Leg of back is lose and hand of right have scratch 15 cm. One pillow is tear. Driver destroyed. Other furnitures is good."

Msomaji atapata picha fulani, lakini yenye makosa ya hatari: sofa imekwisha, na dereva ndiye aliyeimaliza. Baada ya kurekebishwa:

"We received the sofa set on the evening of 3 August. When it was unloaded, we found that the large sofa was already damaged. The back left leg was loose, and there was a scratch about 15 cm long on the right arm. Left and right are as you sit on it. One cushion was torn. The other pieces were in good condition."

Tazama kilichobadilika kwa mpangilio wa uzito. "Destroyed" imekuwa "damaged", na hilo ndilo rekebisho kubwa kuliko yote. Tuhuma ya dereva imeondoka, si kwa kuwa Kiingereza chake kilikuwa kibaya, bali kwa kuwa mwandishi alipoulizwa alikiri hakuona. "Yesterday" imekuwa tarehe. "Hand" imekuwa "arm", na "lose" imekuwa "loose". Ndipo yakaja maumbo ya vitenzi, vineno vidogo na "furnitures". Sentensi zimebaki fupi, kwani taarifa ya uharibifu haihitaji madoido.

Unapomrekebisha mwenzako

Anayerekebisha hakuwapo. Hilo liwe kichwani mwako muda wote. Kazi yako ni kusahihisha lugha ya mambo aliyoyaona mwingine, na hatari yako kubwa ni kutengeneza sentensi nzuri isiyo ya kweli.

Kwa hiyo anza kwa kuuliza kwa Kiswahili. Kama aliyeandika ni fundi mwenye umri, mwamkie, kaa chini, muulize: "Mzee, ufa unafuata nyuzi au unakata?" Yeye anaijua mbao kuliko wewe unavyokijua Kiingereza, na jibu lake ndilo litakalochagua neno. Ukimaliza, msomee sentensi yako kwa Kiswahili. Akisema "hapana, haikuwa hivyo", rudi ukairekebishe, hata kama Kiingereza chake kilikuwa kimeshanyooka.

Rekebisha kwa zamu. Zamu ya kwanza ni yale yanayobadilisha ukweli: neno la uharibifu, sehemu, idadi, wakati na mtendaji. Zamu ya pili ni yale yanayomchelewesha msomaji: maumbo ya vitenzi, "it" ya ziada, tahajia kama "lose". Baada ya hapo simama. Usibadilishe "big" kuwa "substantial" ili karatasi ipendeze. Maneno mazito yasiyo ya mwandishi yatamwaibisha siku atakapopigiwa simu na kuulizwa alikuwa na maana gani.

Mwache aandike nakala safi kwa mkono wake mwenyewe. Atakumbuka zaidi, na taarifa itakuwa yake.

Kwenu walimu wa sekondari, mna kifaa cha kufundishia ambacho hakinunuliwi. Tangu ile kampeni ya madawati ya mwaka 2016, shule nyingi zimepata madawati, na baadhi sasa yamelegea au yamepasuka. Lete moja mbele ya darasa. Kila mwanafunzi aandike sentensi tatu kwa Kiingereza juu ya anachokiona, kisha wabadilishane madaftari na kila mmoja aende kwenye dawati kuhakiki sentensi za mwenzake. Watajifunza "in" na "on", "crack" na "split" kwa vidole vyao. Mwanafunzi aliyefanya zoezi hilo ataweza kesho kuajiriwa kwenye kambi au stoo akaandika taarifa bila kutafuta mtu wa kumwandikia.

Simu inasaidia, lakini ikaguliwe

Programu za tafsiri zimo mikononi mwa wengi, na si vibaya kuzitumia. Zipe sentensi fupi zenye jambo mojamoja. Maneno ya karakana ndiyo yanayozishinda: "mtoto wa meza" anaweza kugeuka mtoto kweli, na "mkono wa kiti" ukawa kiganja. Ukipata Kiingereza, kirudishe kwa Kiswahili katika programu hiyohiyo uone kama kinarudi na kile ulichokisema. Kisichorudi sawa, kiandike upya kwa maneno mepesi.

Piga picha mbili kwa kila uharibifu, moja ya kitu kizima na nyingine ya karibu ikiwa na rula au kitu cha kupimia, kisha uziunganishe na maandishi: "Photo 1 shows the whole sofa. Photo 2 shows the scratch on the right arm." Usisahau s ya "shows".

Kabla ya kutuma, chukua karatasi yako usimame mbele ya kitu chenyewe. Soma sentensi moja, kisha gusa kwa mkono sehemu uliyoitaja. Ukiigusa na ikawa kama ulivyoandika, endelea na inayofuata. Sentensi ambayo huwezi kuigusa wala kuieleza ulivyoijua, ifute, hata kama ndiyo yenye Kiingereza kizuri kuliko zote.